Hamira Kwenye Maji ya Bibi

Bibi alipofariki, baba alichimba kisima uani kwetu Mtoni, kiwe sadaka yenye kuendelea: kila anayekunywa, marehemu anapata thawabu. Wanawake wa mtaa walichota bure tangu alfajiri, baba akiwachungulia dirishani kwa raha ya mwenye duka.

Kisha ikaja ruksa ya biashara, kila mtu akawa tajiri mtarajiwa. Jirani wa nyuma akaanza kupasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi. Tindikali aliimwaga chini tu.

Mpangaji wetu, kijana wa bara aliyefanya kazi maabara ya chuo, akayapima maji. Yalikuwa na risasi ya kudumaza akili za watoto, jambo lililonielezea mengi kuhusu kaka zangu. Baba akamwonya mpangaji asimtukanie marehemu mama yake.

Lakini mpangaji alikuwa na dawa: kuvu. Alidai hamira, ukungu na uyoga ni ukoo mmoja, na miili yao hunasa madini hata ikishakufa. Akaenda kwa muuza pombe, akarudi na ndoo ya machicha yaliyojaa hamira.

"Mzee, nimeyachemsha," akajitetea baba alipoinusa ndoo.

"Mama yangu hakuonja pombe mpaka anaingia kaburini! Leo umnyweshe wewe?"

Mama akauliza kutoka jikoni, "Na maandazi uliyokula asubuhi, yaliumuka kwa dua?"

Baba akatoa pesa. Ikanunuliwa hamira ya dukani. Mpangaji akaichemsha, akaikausha, akaichanganya na mchanga katika ndoo iliyotobolewa, akachuja maji na kuyapima tena. Risasi ilikuwa karibu imekwisha. Baba alizunguka mtaa kifua mbele, utadhani kuvu kaiumba yeye.

Furaha haikudumu. Kumbe kuvu nayo hushiba: baada ya ndoo chache, risasi ilipita kama kawaida. Na hamira iliyoshiba ni sumu vilevile, ukaitupe wapi?

Baba akaleta mbao na misumari kufunika kisima. Wanawake walikuwa wamekwishapanga ndoo zao, mmoja akaomba achote ya mwisho tu.

"Hapana, mama. Mtoto wako atadhurika."

Alipomaliza kupigilia, akapiga magoti juu ya zile mbao mbele ya watu wote. Mimi, ninayecheka hata misibani, nilishindwa kumtazama.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nimekufungia thawabu zako."