Kihenge Chenye Homa

Kabla ya kuhamia kijijini, Yunisi alikuwa mtu wa kuombwa. Tembe lao la zamani, upande wa juu wa Mungaa, lilikuwa na vihenge vitatu vya kuhifadhia uwele, na wifi yake Luciana, dada wa mumewe, alikuwa akija na ungo mtupu kila Februari ikifika. Yunisi alimpimia, kisha akamsindikiza hadi njiani, watu wauone ungo umejaa. Hakuwa mchoyo. Alipenda tu waone.

Mwaka wa 1974 wakaambiwa wote wahamie kijiji kipya kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Vile vihenge vitatu vilibaki hukohuko, maana kihenge husukwa ndani ya nyumba na mlango haukipitishi. Kwenye kiwanja chao wakajenga kijumba cha nyasi chenye paa la mteremko mkali, na ubavuni jiko dogo ambalo ukinyoosha miguu umegusa ukuta.

Luciana alikuwa amehama mwaka mmoja kabla, kwa hiari yake. Huyo nyuma ya nyumba alijijengea jiko la tembe, paa bapa la udongo, na ndani vihenge viwili vimesimama kama bwana na bibi arusi.

"Karibu wifi, hili ndilo jiko la maskini," alisema siku ya kwanza.

Yunisi aliviangalia vihenge. "Maskini gani anashiba hivi?"

"Si nilikuwa nakula kwako miaka yote? Nikanenepa, nikapata nguvu za kujenga."

Wakacheka wote wawili. Lakini jioni ile, akisonga ugali, Yunisi alikuwa bado anavihesabu vile vihenge.

Msimu ule hawakulima, kwa vile shamba la zamani lilikuwa limeachwa mbali. Mwezi wa Juni, Damiani, mume wa Yunisi, akaswaga dume lake la pekee la ng'ombe mpaka mnadani, akarudi juu ya lori na magunia matano ya uwele kutoka Ulemo. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao na watoto wanne hadi mavuno mengine. Dume la pili halikuwepo.

"Manne tuyapeleke kwa dada, kwake kuna nafasi," Damiani alisema.

"Chakula changu kikalale kwa dada yako? Nisukie kihenge. Kiwe kikubwa kuliko vya kwake."

Damiani alilipima jiko kwa macho. "Na wewe utapikia wapi?"

"Nitajua mwenyewe."

Akakisuka kwa fito siku tatu, humo humo jikoni, na Yunisi akakikandika kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Kilipokauka kilikuwa kimekula nusu ya jiko. Mafiga yalisogezwa hadi kwenye tumbo la kihenge, na mtu wa kusonga ugali ilimbidi akae upande, magoti yameangalia mlango.

Siku ya kumimina, Luciana alikuja, akachota uwele kiganjani, akatafuna punje.

"Wifi, huu umepigwa juzi. Haulii kwenye jino, bado mbichi. Tuuanike juu ya jiko langu, siku tatu tu."

Hapo wivu ukamkaba Yunisi. Zamani alianika juu ya tembe lake mwenyewe. Paa hili la sasa halishiki hata ungo. Na magunia yake yakipanda juu ya jiko la Luciana, kila mpita njia atauliza ni chakula cha nani, na atajibiwa ni cha mwenye paa.

"Umekauka," alisema. Akamimina magunia manne, akakiziba mdomo siku ileile. La tano walianza kulila. Na kwao kihenge kikishazibwa hakiguswi mpaka chakula cha nje kiishe.

Wiki ya tatu, baridi ya Julai ikiuma, Luciana alikuja kuota moto. Kwa kukosa nafasi akaegemea kihenge. Akageuka, akakiwekea shavu.

"Wifi, kihenge chako kina homa."

"Ni moto wa mafiga."

"Mafiga yako huko. Mimi naungua huku." Aliaga akaenda zake bila kumsuta, na hilo lilimuuma Yunisi kuliko kusutwa.

Akakigusa mwenyewe. Kilikuwa moto kama paji la mtoto mgonjwa. Siku mbili alijua, na siku mbili hakufungua, maana kufungua ni kuanika, na paa la kuanikia lilikuwa moja tu. Asubuhi ya tatu Felista, kitinda mimba wake, akasema, "Mama, jiko linanuka pombe."

Yunisi akachukua panga, akakibandua mdomo. Mvuke ukamjia usoni. Akazamisha mkono mpaka begani, ukatoka na donge la uwele mweusi ulioshikana.

Akaenda kwa wifi yake na mkono ule ule, haujaoshwa. "Naomba paa."

Luciana hakucheka. "Ngazi ile pale."

Walitoa kibuyu kwa kibuyu. Gunia zima lilikuwa limeoza, likamwagwa shimoni. Matatu yakapanda juu. Yunisi akajua Februari ijayo ungo mtupu utakuwa mikononi mwa nani.

"Luciana, mwaka huu umejaliwa," mpita njia mmoja aliita.

"Si wangu," Luciana alijibu kutoka chini. "Ni wa wifi yangu Yunisi. Mimi nimetoa paa tu."

Yunisi, huko juu akiugeuza uwele kwa mguu, alisikia. Alishukuru, kweli alishukuru. Huku anageuza, hata hivyo, alikuwa anahesabu hatua zake toka ukingo huu hadi ule.

Jioni akamwambia mumewe, "Kihenge kikate, kibaki nusu. Halafu unijengee jiko la paa bapa."

"La ukubwa gani?"

"La dada yako ni hatua kumi na mbili." Akapuliza moto kidogo. "Langu liwe kumi na tatu."