Picha ya Stoo ya Bungoma

Mimi ni fundi wa kamera hapa Kitale, na kisa hiki bado kinaniwasha. Mzee Njoroge ana stoo mbili za mahindi, moja nyuma ya ofisi yake hapa, nyingine Bungoma. Kamera zao za zamani nilizifungia vifaa vya kuzipitisha kwenye mtandao, ili azione zote kwenye kompyuta yake.

Tulipofungua picha ya Bungoma tuliona magunia tu. Akampigia simu karani wake wa huko, Wekesa.

"Uko wapi?"

"Si niko hapa stoo, mzee."

"Inua mkono nikuone."

"Nimeinua, mzee. Hata ule mwingine!"

Magunia tu. Mzee akanigeukia. "Fundi, hii mashine inaweza kukosea?"

"Mashine haina sababu ya kudanganya," nikajibu. Sikujiuliza Wekesa alikuwa na sababu gani.

"Wekesa, acha funguo uende nyumbani."

Mara Mama Chai akapita katikati ya picha na thamosi yake. Sekunde chache baadaye mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia ofisini na thamosi ile ile.

Majina ya stoo kwenye kompyuta nilikuwa nimeyaweka kinyume.

Mzee akanisukumia simu. "Mwambie wewe ashushe mikono."