Siku Niliyomkazia Minza Hukumu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya kujifungua mtoto wa kwanza. Ni asubuhi moja ya mwezi wa sita, nilipotoka Bariadi nimeketi mbele kwenye gari la dalali wa mahakama, tunakwenda Zagayu kukamata mali za rafiki yangu Minza. Karatasi ya mahakama niliishika mimi mwenyewe, naikunja na kuikunjua njia nzima. Ungeniona ungedhani nimepewa cheo.

Minza nilikua naye. Tulichimba maji pamoja kwenye mchanga wa mto, tukasukana nywele, tukaolewa mwaka mmoja. Tulipopata akili ya kutafuta fedha tukaanza biashara ya mchele. Tulinunua mpunga vijijini, tukaukoboa, tukauza mjini. Mtaji ulikuwa wangu, miguu ilikuwa yake, maana yeye alijua kila mwenye shamba na alikuwa na maneno matamu ya kushusha bei. Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma nikimsikiliza. Hadi leo nikipita mashineni nikasikia mwanamke anabishana bei, nageuka kutazama kama ni yeye.

Mwaka mmoja nikamkabidhi fedha ya magunia ishirini akanunue mpunga. Wiki ileile mwanawe wa mwisho akaugua sana, na fedha yote ikaishia hospitali. Mtoto akapona, namshukuru Mungu. Lakini mavuno yakapita sijalipwa, na mengine yakapita. Nami ile fedha nilikuwa nimeikopa kwa mwenye duka mmoja mjini, na alikuwa ananifuata hadi nyumbani. Kwa hiyo usinione nilikuwa mbaya tu. Nilikuwa nimebanwa, tena nilikuwa mkali, na mdomo wangu wakati ule haukuwa na mlango.

Nikafungua kesi Mahakama ya Mwanzo. Minza hakubisha hata neno. Alimwambia hakimu kwamba ni kweli namdai, anaomba muda tu. Nikapewa hukumu siku hiyohiyo.

Nilipotoka nje, mmoja wa wazee wa baraza, mama wa makamo aliyekuwa ameketi kando ya hakimu, akanifuata hadi getini.

“Umeshinda, binti,” akaniambia. “Sasa nenda ukakae naye wewe mwenyewe. Mpangane alipe kidogo kidogo, mje tuandike hapa. Dalali awe wa mwisho.”

Nikamjibu kwamba mimi nilikuja mahakamani kudai fedha, mahubiri nitayasikia Jumapili. Mama wa watu akanitazama, akarudi ndani. Hadi leo nikikumbuka jibu lile naona haya peke yangu.

Basi tukafika Zagayu. Dalali akaingia ndani na karatasi yake, akazunguka, akatoka. Alikuta kitanda, sufuria, majembe na nguo za kuvaa, vitu ambavyo alisema sheria haimruhusu kuvigusa. Kulikuwa na redio moja ambayo hata sauti haikutoa. Akaniambia, mdai, hapa hakuna mali, kama unajua nyingine nionyeshe, la sivyo tugeuze gari.

Minza alikuwa amesimama mlangoni, mume wake pembeni yake. Akanitazama usoni. Sikuona hofu kwake. Alikuwa ananitazama kwa kuniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi kesho.

Maana nilijua, mwanangu. Mume wake alikuwa mtu wa pombe, na chakula cha nyumba alikuwa anakiuza gunia kwa gunia. Kwa hiyo kila mavuno Minza alikuwa anatenga mpunga wa siri na kuuficha kwa mama yake, upande wa pili wa kijiji. Aliyemsaidia kubeba ni mimi. Mwaka ule yalikuwa magunia manane, na alikuwa ameniambia kazi yake. Binti yake mkubwa alikuwa amefaulu kwenda kidato cha tano, na magunia yale ndiyo ada, sare na godoro la bweni. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua isipokuwa mama yake.

Nikafungua kinywa. “Mpunga upo kwa mama yake,” nikasema. “Magunia manane, chumba cha nyuma.”

Mume akageuka akamtazama mkewe. Minza hakunitukana. Natamani angenitukana, leo ningekuwa na cha kumlaumu. Aliingia ndani tu, akafunga mlango.

Kwa mama yake ilikuwa vibaya zaidi. Yule mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa amenilea kama mwanawe. Nilimwamkia, “Mwangaluka, mayu,” naye akaitikia kwa furaha, akanivutia kigoda, akaanza kuniuliza habari za watoto. Vijana wa dalali wakapita nyuma yangu wakaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Hapo ndipo alipoelewa. Alichukua kile kigoda akakirudisha ndani.

Mpunga ukapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Ukitoa ada ya dalali na usafiri, haukufikia hata nusu ya deni. Mahakama ikaamuru kilichobaki Minza alipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Jambo lilelile nililoambiwa getini bure. Binti hakwenda shule mwaka ule. Mume akampigia kelele Minza kijiji kizima kwamba anamwibia nyumbani kwake, na kabla ya mvua kuanza akawa amemrudisha kwao.

Minza akaanza kupalilia mashamba ya watu kwa siku. Kila mwezi alileta fedha mahakamani, nami nikaenda kuichukua. Alikuwa anafika mapema na kuondoka kabla sijafika. Nikisaini kwenye kitabu cha karani nilikuwa naliona jina lake juu ya langu, kwa mwandiko wake ule mkubwa. Mwanzoni nilihesabu noti tu. Baadaye, sikufichi, nikawa nakwenda kwa ajili ya jina lile. Nilijua kwamba yu hai, ana nguvu, na amesimama mahali hapo asubuhi. Mara mbili niliamka alfajiri nimuwahi nimwombe radhi, na mara mbili nikaishia njiani kwa aibu.

Mwezi mmoja karani akafunga kitabu, akasema deni limekwisha na jalada linafungwa. Wengine wangeshangilia. Mimi nilikaa kwenye benchi la mahakama nikalia.

Nikasikia amehamia Lingeka kwa kaka yake. Nikamfuata, na fedha ya mafungu ya mwisho nimeifunga kwenye kanga nimrudishie. Akanipokea vizuri. Akaniwekea kiti kivulini, akanipa maji, akapika kuku, akaniuliza safari ilikuwaje. Kila neno lilikuwa la heshima, vile unavyosema na mgeni aliyepotea njia. Nilipoifungua ile kanga, akausukuma mkono wangu taratibu.

“Zirudishe, mama,” akasema. “Mimi na wewe hatudaiani.”

Akanisindikiza hadi barabarani. Ni miaka mingi sasa. Nimemmisi Minza kuliko nilivyowahi kummisi mtu aliyekufa, na yu hai.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye hukumu mkononi, sikukatazi kudai. Haki yako ni yako, na mahakama si mahali pa aibu. Lakini hukumu ikishatoka, nenda kwanza kwa miguu yako. Kaeni, mpange mafungu anayoyaweza, mkayaandikishe mahakamani ili asikukane wala wewe usimgeuke. Akikaidi, basi peleka dalali, naye achukue kile anachoweza kukiona mwenyewe. Yale uliyoambiwa kwa sababu ulikuwa mtu wa ndani, yaache ndani, hata kama fedha yako itachelewa miaka.

Mungu akulipie unachodai mpaka shilingi ya mwisho, na akubakizie mtu wa kuila naye.