Majengo Tisa ya Rula

Ofisini walimwita Rula, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mchoraji ramani katika halmashauri ya mji mdogo, akichora madarasa, vyoo vya shule na zahanati za vyumba vitatu. Wenzake walimtania kwamba hata mkate anaukata kwa vipimo. Wasichokijua ni kwamba ujanani alipata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo kule jijini. Barua ilifika mwezi uleule aliofariki baba yake. Aliikunja, akaificha chini ya nguo, akatafuta kazi ili wadogo zake wawili wasome.

Kitinda mimba ndiye aliyekwenda jijini, akawa karani wa bohari ya dawa. Habari za nguzo na matao hakuzijua, ila alijua kaka yake anapenda nini. Kila akipiga simu alianza na lilelile: "Kaka, njoo bwana. Huku kuna majengo, utasahau hata kula!" Na kila mara Rula alikuwa na sababu. Mara kazi zimembana, mara mgongo, mara mvua. Hata alipostaafu hakukosa la kusema.

Alikuja kufika jijini kwa ajili ya kumzika. Moyo wa mdogo wake ulisimama ghafla akiwa kazini, katikati ya maboksi.

Siku ya nne, waombolezaji wakiwa wametawanyika, mjane alimletea daftari la jalada la bluu.

"Hili ni lako, shemeji. Alikuwa akienda kuliandika kila Jumamosi."

Ndani yake mlikuwa na majengo tisa. Kwa kila moja, marehemu alieleza lilipo, siku linapofunguliwa, mlango wa kuingilia, na mahali pa kupumzika, "maana kaka ana mgongo."

"Twende basi," shemeji akasema. "Nikibaki humu ndani nitaanza kuongea na viatu vyake."

Walianza na mahakama ya zamani, yenye kuba lililotobolewa juu, mwanga ukishuka hadi sakafuni kama maji. Kisha soko la vyuma na vioo, ambalo nguzo zake zilikuwa nyembamba chini na kuchanua juu. Rula alisimama katikati ya wauza mboga, uso kauinua juu, watu wakimpiga vikumbo. Maisha yake yote alikuwa amechora dari bapa. Furaha ilimpanda, kisha akaionea aibu furaha yenyewe, kwa kuwa udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka.

La tatu lilikuwa posta kuu, na ngazi yake inayojizungusha hadi ghorofa ya nne bila nguzo hata moja. Mlinzi wa mlangoni aliliona daftari mkononi mwa Rula.

"Hilo daftari nalijua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Tumemzika Jumanne," shemeji akajibu.

Mlinzi akavua kofia. "Poleni sana. Alikuwa akija hapa na tepu ya kupimia. Nikamwambia, bwana, huku hakupimwi. Akasema, kaka yangu ataniuliza kila kipandio kina kimo gani, na mimi sitaki kumjibu sijui."

Rula akafungua ukurasa. *Vipandio sitini na nne. Kimo sentimita kumi na sita.* Akaketi palepale kwenye ngazi, akalia kwa sauti mbele ya watu waliokuja kutuma vifurushi vyao.

Alipotulia alisema, "Shemeji, haukuwa mgongo ulionizuia. Niliogopa. Nilijua nikiyaona haya kwa macho yangu nitawachukia, yeye na dada yetu, kwa sababu ya kile nilichokiacha."

Shemeji alikaa kipandio kimoja chini yake. Hakumtazama.

"Alijua," akasema. "Aliniambia, kaka hatakuja mpaka kinyongo kimtoke. Lakini mimi nitaandika tu."

"Sikuwa na kinyongo naye!"

"Basi ungemwambia, shemeji. Miaka ishirini na mbili alikuwa akisubiri umwambie."

Walikaa hapo mpaka mlinzi alipowaletea maji ya kunywa.

Kesho yake waliona majengo mawili zaidi, wakizungumza kwa nadra. Kabla ya la sita, Rula alifunga daftari, akasema inatosha. Hakuweza kuendelea kuonyeshwa vitu vizuri na mtu asiyekuwepo. Shemeji alimsindikiza stendi, akamshikilia mkono dirishani mpaka basi lilipoanza kusogea.

Yale manne yaliyobaki hakuyaona kamwe. Lakini basi lilipofika njia panda, badala ya kuendelea na safari ya kwake, alishuka akaenda kwa dada yake, mwalimu mstaafu, ambaye naye Rula alimsomesha. Kwa miaka mingi walikuwa wakionana misibani tu.

Dada alifungua mlango, akashtuka. "Kaka! Kuna nini tena? Nani?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukaa na wewe kidogo, kama utanivumilia."

Dada mtu akampokea begi, akaenda kutandika kitanda cha chumba cha nyuma.