Kihenge Nilichokihesabu Kuwa Nyumba

Aibu yangu mimi haina siri, wenzangu, kwa hiyo siwezi kujifanya naitoboa leo. Kuna kijiji kimoja cha milimani nje ya Mbeya, kwenye barabara ya kwenda Tukuyu, na kule ukiuliza habari zangu hawakuambii yule binti aliyesoma misheni, wala yule aliyekuwa anafanya kazi na mama wa Kizungu, wanakuambia aa, yule aliyehesabu mahindi kuwa watu. Nimeishi na sifa hiyo tangu enzi za Mwingereza na sasa nina wajukuu. Acheni basi niwaeleze mwenyewe, maana wakieleza wengine wanatia chumvi (eti nilipanda juu ya mgomba, sikupanda mgomba, mgomba haupandiki).

Nilikuwa nimemaliza shule, nafundisha watoto wadogo kusoma, ndipo huyo mama akaja misheni kwetu anatafuta msichana wa kumtafsiria. Alikuwa anachunguza namna watu wanavyoishi nyumbani wanaume wakishaondoka kwenda migodini na kwenye mashamba ya mkonge, nani kabaki, nani analima, wanakula nini, na kwa kuwa hakuweza kuingia kila nyumba ya nchi hii alikuwa anaingia nyumba ya kumi tu. Tunaanzia darajani au kanisani, tunahesabu, ya kumi tunaingia, ya ishirini tunaingia, hivyo hivyo mpaka kijiji kiishe, na watu wakampa jina la Mama Kumi, akalipenda.

Alikuwa na sheria moja kali, kwamba nyumba ikishaangukiwa na hesabu ndiyo hiyo hiyo. Mwenyewe hayupo, tunarudi kesho. Hatuchukui jirani. Nilimuuliza kwani jirani si mtu, akanieleza kwa upole kwamba anayekutwa nyumbani mchana ni mzee, au mgonjwa, au mvivu, na ukichukua hao tu utaandika kwamba nchi nzima ni wazee, wagonjwa na wavivu. Nilimwelewa upesi kwa sababu baba yangu alikuwa na kahawa, na mnunuzi wa kahawa anayeijua kazi yake hachoti zile za juu ya gunia, za juu umezipanga wewe, anatumbukiza mkono mpaka chini kabisa. Kwa hiyo mkisikia nilichofanya msiseme masikini hakuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Msichana aliyenitangulia, wa Mlandege kule Iringa, aliachishwa kazi kwa kuruka nyumba zenye mbwa. Kwa hiyo siku ya kunichukua Mama Kumi aliniuliza kama kuna nyumba nisiyoweza kuingia. Nikasema hakuna. Akasema amesikia kwamba kwa Wanyakyusa mwanamke haingii alipo baba mkwe wake. Nikacheka kidogo (kicheko cha kisomi, nilikuwa nacho siku hizo), nikamwambia hayo ni mambo ya bibi zetu, sisi wa misheni tumeshaacha.

Hatukuwa tumeacha. Kwetu binti akishachumbiwa na ng'ombe wa kwanza wakafika kwao, basi anamwogopa baba mkwe: haingii alimo, hakutani naye njiani, akimwona kwa mbali anaacha njia na kujifunika nguo, na jina lake halitamki mdomoni. Na mzee naye anakukwepa vivyo hivyo. (Ndiyo maana hapa nitamwita Mwenye Nyumba tu, na mkiniuliza jina nitanyamaza.) Mimi wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Ambakisye, fundi wa magari pale Mbeya mjini, ng'ombe wa kwanza walishafika kwa baba, waliobaki walikuwa waje baada ya mavuno, na huyo Ambakisye nilikuwa nampenda, nisiwafiche, nilikuwa nampenda mpaka chakula hakipiti.

Tulikwenda kwanza Iringa kumalizia zile nyumba za mbwa, nikajifunza kusalimia kamwene na kusubiri salamu zote ziishe ndipo niulize swali, kisha tukarudi kwa Landrova yake kupitia Igawa, vumbi mpaka kwenye meno, na sifa zangu zimejaa. Mama Kumi akawa ananiachia nihesabu peke yangu. Natangulia, naweka alama ya chaki mlangoni, yeye anakuja nyuma taratibu na kiti chake cha kukunja.

Sasa kijiji kilichofuata kilikuwa cha kwao Ambakisye. Nilijua. Ningeweza kusema palepale, lakini nilijipa moyo kwamba katika kila nyumba kumi tisa zinaachwa, kwa nini bahati mbaya inione mimi. Nikaanza darajani, nikapanda mlima nikihesabu, na kabla sijafika mbali nikainua macho nikaiona nyumba ya bati ambayo mshenga alikuwa ameshanionyesha siku moja kutoka ng'ambo ya bonde, akiniambia pale usikanyage. Nikaihesabia kwa macho. Ya kumi. Nikarudia kuanzia darajani kwa vidole. Ya kumi. Na nje ya hiyo nyumba, mchana kweupe, amesimama Mwenye Nyumba, kavaa koti.

Niliacha njia nikajitupa nyuma ya kihenge cha mahindi cha watu, nikachutama. Kilikuwa kihenge kizuri, cha mianzi, kikubwa, kimesiribwa udongo na kuezekwa, kina na kimlango chake. Nikakitazama kwa muda. Nikasema moyoni, na hii nayo ni nyumba.

Hilo tu. Kihenge kikawa cha nne, iliyokuwa ya nne ikawa ya tano, na ya kumi ikawa nyumba ya kabla ya ile ya bati. Nikaenda kwa kuinama nyuma ya migomba mpaka pale, nikaweka chaki mlangoni, nikaizunguka ile ya bati kwa mbali na kuendelea kuhesabu mpaka kileleni, kisha nikarudi kumngoja Mama Kumi, roho yangu imetulia kabisa.

Nisichojua ni kwamba habari za Mama Kumi zilikuwa zimetutangulia. Mwanzoni watu walimwogopa, wakidhani ni mambo ya kodi, lakini ilikuwa imeshajulikana kwamba hachukui kitu, anakaa kwako, anakunywa chai yako, anakuuliza wewe unaonaje na anasubiri ujibu, na enzi zile Mzungu wa kukuuliza unaonaje ulikuwa humpati. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeshajihesabu kuanzia darajani. Mwenye Nyumba alijua yeye ni wa kumi. Alichinja mbuzi. Alimwalika mzee wa kanisa. Alimwalika hata jirani yake Mwasumbi, ambaye walikuwa na ugomvi wa miaka wa migomba ya mpakani, aje ashuhudie kwa macho yake.

Na chaki nilikuwa nimeiweka mlangoni kwa Mwasumbi.

Mzee Mwasumbi tulimkuta na shati la shamba lililotatuka bega, hana chai, hana kiti, anaitazama ile chaki kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Lakini alikuwa mwepesi. Alikaa, akakunja mguu, akaanza kujibu kwa sauti kubwa ili upande wa pili wasikie. Harufu ya mbuzi ilikuwa inatufikia. Mama Kumi akauliza kama leo ni sikukuu.

Ndipo nikasikia sauti za watu wengi zinakuja, na mbele yao sauti moja ambayo sikuwa nimewahi kuisikia karibu namna hiyo. Sikugeuka kuhakikisha. Nilijifunika kanga kichwa kizima nikaingia kwenye migomba ya Mwasumbi, nikapiga magoti huko nikiwapa mgongo. Mama Kumi alipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake hakuniona, akaniita jina langu, Tusa, Tusajigwe, mara mbili, na mimi nikaitika kutoka migombani kwamba nipo, tuendelee.

Mwenye Nyumba alisikia jina. Akasimama ghafla, akageuka naye akatupa mgongo, akawa anatazama njia. Kwa hiyo yeye anaitazama njia, mimi naitazama migomba, katikati Mama Kumi kwenye kiti chake anatutazama wote wawili, na kijiji kizima kimepanga mstari kwenye ua. Mwenye Nyumba akasema, akiielekea njia, kwamba anataka kujua nani amemruka.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikatafsiri. Nikamwambia Mama Kumi huyu mzee anatukaribisha kijijini. Mama Kumi akafurahi, akasema mwambie ahsante sana, nikasema kwa sauti kutoka migombani, anasema ahsante sana. Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Mwenye Nyumba akauliza, na sauti yake imeanza kukauka, yeye anauliza nani kamruka, anajibiwa ahsante?

Mzee wa kanisa, Mungu amrehemu, alikuwa anajua Kiingereza kidogo. Sikujua. Akamsogelea Mama Kumi na kumweleza neno kwa neno. Na Mwenye Nyumba akaongeza jingine, pole pole, na hilo halikuwa la Mama Kumi, lilikuwa la kwangu:

"Kama kuna mtu ameona nyumba yangu haistahili kuhesabiwa, basi na ng'ombe wangu asiwahesabu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilibaki na paji la uso kwenye shina la mgomba, nikamwona Ambakisye wangu anakwenda zake. Ningetoka nimwangukie mzee miguuni, kutoka kwenyewe ndiko kungekuwa kosa kubwa zaidi. Ningenyamaza, ndoa imekwisha.

Mama Kumi yeye alikunja kiti. Akasema tutahesabu upya, sote. Basi tukashuka mpaka darajani, Mama Kumi mbele na mzee wa kanisa, nyuma kijiji kizima, Mwenye Nyumba pembeni kabisa upande wa kushoto, mimi nimefunikwa kanga nashikwa mkono na mke wa Mwasumbi upande wa kulia, tukapanda tena watu wote wakihesabu kwa sauti kama kwaya. Moja. Mbili. Tatu. Baada ya tatu Mama Kumi akasimama, maana alikuwa na karatasi niliyoandika mimi, akakionyesha kihenge akauliza hapa anaishi nani. Mama mwenye kihenge akajibu kwa heshima zote kwamba mle yanaishi mahindi. Akafikiri, akaongeza, na panya.

Mama Kumi alinifuata mpaka karibu, akafunua ncha ya kanga nikamwona jicho. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini.

Nikamwambia, "Nyumba ya kumi ni ya baba mkwe wangu. Siwezi kuingia, siwezi kumwona, hata jina lake siwezi kulitaja."

"Uliniambia mmeacha."

"Nilikudanganya. Niliogopa utaniacha kama yule wa mbwa."

Mzee wa kanisa akaigeuza yote kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mimbari, bila kuombwa na mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mama mmoja mzee nyuma kule akasema, kama anajisemea tu, "Huyu wa kuyafanya mahindi watu ili asimwone mkwe, mnamtafutia nini tena? Huyu ameshaolewa." Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi chini ya kanga nikalia, kwa aibu na kwa furaha, siwezi kuwaambia kipi kilizidi.

Mwenye Nyumba alikohoa. Akamwambia mzee wa kanisa kwamba yeye anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, nyuma kabisa, ili kazi ya watu ifanyike. Mama Kumi kwa upande wake akaniambia mambo mawili. La kwanza, nyumba ya kumi ni ya kumi, tunaingia sasa. La pili, huko juu nilikokuwa nimeshaweka chaki mpaka kileleni zote ni batili, kesho nizifute nianze upya, na kwa miguu, Landrova haiendi.

Tukakaa uani kwa mama mkwe, mama mpole, ananitazama na kutabasamu kila nikiuliza swali. Jana mlikula nini? Ndizi na maharage. (Mbuzi alikuwa wa leo, sheria inauliza jana, na mama wa watu akasema kweli.) Nikafika kwenye swali la watu wa nyumba, wale waliolala hapo usiku wa kuamkia leo. Akawataja taratibu kwa vidole, wakawa sita.

Ikatoka sauti nyuma ya nyumba, ikiuambia ukuta. "Saba."

Mama mkwe akasema, "Sita, baba. Umemwongeza nani?"

"Huyo anayeuliza. Andikeni saba."

Mama Kumi akauliza mzee amesema nini, na mara hii nilitafsiri kila neno. Akaniwekea mkono begani, akasema pole, Tusa, lakini waliolala jana ni sita.

Nikaandika sita. Ng'ombe walikuja baada ya mavuno, wote, na nyumba ile nikaingia kwa mlango wa nyuma kama inavyotakiwa, lakini kwenye vitabu vya Mama Kumi, popote vilipo, mimi kwetu sipo, na aliyenitoa ni mimi mwenyewe. Tangu hapo mtu akinituma kazi yoyote, hata kupeleka salamu za msiba, simwambii tumeacha mila wala hatujaacha. Namuuliza kwanza njiani tunapita kwa nani.