Kadenasi Anashuka Beni

Lusenge, muuza kufuli wa soko la Butembo, alicheza mchezo wa ngumi wa kwenye televisheni jinsi alivyofanya biashara: hatoi kitu. Pambano likianza, mpiganaji wake alirudi kwenye kona, akainua mikono usoni, akakaa. Wewe piga. Piga ngumi, piga mateke, tupa moto kama unao; vyote viliishia kwenye mikono ile. Ukichoka ukajisahau, alikupa teke moja dogo la ugoko, kisha akarudi konani kulinda faida mpaka muda uishe. Mwenye uhai mwingi ndiye mshindi, na siku zote alikuwa yeye.

Walimwita Kadenasi, maana ndivyo tunavyoiita kufuli. Hakukasirika. Aliona ni matangazo ya bure.

Shida ilikuwa watazamaji. Siku moja mmoja wao alisinzia, akaangukia beseni la mandazi. Mama Kavugho, mwenye ukumbi, ile salle ya michezo, akamnyang'anya Lusenge manette, kile kishikio cha vifungo.

"Mwana yangu, weye unashinda, mais batu banaenda kwabo. Hapa ni salle ya michezo, hapana kilio."

"Mama, kushinda ni zambi?"

"Kushinda namna yako, ndiyo. Siku ya posho, Jumamosi hii, kuko tournoi kule Beni. Ukishinda, kiti yako utaikuta. Ukishindwa, manette ya hapa hautaigusa tena, hata ya kupangusa vumbi."

Lusenge hakuwa na mke, hakuwa na kwaya, wala timu ya mpira. Kiti kile ndicho kilikuwa mahali pekee Butembo ambapo mtu alimwuliza kitu kingine zaidi ya bei. Basi akavaa jaketi lake nene, kwa kuwa asubuhi ya Butembo haina huruma, akapanda pikipiki akashuka Beni.

Beni ni joto. Salle yenyewe ilikuwa nyuma ya maghala ya kakao, bati juu, watu kama siafu ndani. Lusenge hakuvua jaketi. Kuvua kungetaka mikono, na mikono ilikuwa kazini. Vijana wa Beni hawana subira. Walimkimbilia mmoja mmoja kama mbuzi waliokata kamba, akawapa kila mmoja teke lake la ugoko, akafika fainali.

Fainali alimkuta madame Élodie, mwalimu wa hesabu aliyeletwa na serikali kutoka Kasai. Pambano likaanza. Lusenge akarudi kwenye kona yake. Élodie naye akarudi kwenye kona yake.

Wapiganaji wawili wakatazamana kwa mbali kama wakwe. Muda ukaisha, sare. Likarudiwa, sare tena. Gérard, aliyekuwa akitangaza mapambano na kuyapiga video kwa simu, alikosa cha kutangaza.

"Nyuma ya bapiganaji kuko mulima," akasema katika mikro. "Ni mulima muzuri."

Hatimaye mulima nao ukaisha maneno. "Donc, hii ni ya mwisho. Ikitoka tena sare, bote babili bameshindwa."

Jasho likamwingia Lusenge jichoni. Akaona kiti chake cha Butembo kinakaliwa na mwingine. Ndipo, pambano likiendelea, akaweka manette magotini na kuanza kuvua jaketi. Mkono wa jaketi ukakwama.

"Madame, mupige!" watu wakalia.

"Ni mutego," akasema Élodie, na mpiganaji wake akabana mikono zaidi.

"Mutego gani? Mutu amekwama ndani ya jaketi."

"Ndiyo vile mutego inafananaka."

Lusenge alisikia hayo akiwa bado gizani ndani ya jaketi, na akili ikamfunguka. Maisha yake yote alifikiri kama kufuli. Hakuwahi kufikiri kama mwizi. Anayeinua mikono anazuia ngumi, lakini hazuii kukumbatiwa. Mchezo ule unaruhusu: unamsogelea mtu, unamkamata, unamtupa. Lusenge hakuwahi kuthubutu, kwa sababu inabidi utembee hadi kwake kifua wazi, kama mtu asiye na mali.

Alipochomoka akashika manette, akatembea. Élodie akaona mtego mkubwa zaidi, akatulia kama sanamu. Lusenge akamkumbatia, akamtupa chini, akakimbia kurudi konani na kujifunga humo mpaka muda ukaisha. Beni walimpa kikombe huku wakimzomea.

Mama Kavugho, mtu wa neno lake, alimpangusia kiti kwa kitenge chake mwenyewe. Lakini video ya Gérard ilifika Butembo kabla ya pikipiki. Ananie fundi wa pikipiki akaketi, akashika manette ya pili kwa mikono yenye oili, akamwendea moja kwa moja, akamkumbatia, akamtupa. Lusenge akasimama, akainua mikono. Akatupwa tena.

"Wasingya, yaya," Ananie akamshukuru kwa Kinande, kama kaka mkubwa. "Somo tumeipata."

Nyuma yake tayari kulikuwa na foleni hadi barabarani. Kaswera muuza maharagwe, ambaye hakuwahi kushika manette, alitua mzigo, akamtupa Lusenge mara mbili, akajitwika tena na kwenda zake.

"Mama, bakataze," Lusenge akaomba.

Mama Kavugho alitazama mlango usiofungika kwa watu.

"Ikala, kaa tu, mwana yangu. Kiti ni yako."

Sasa kila anayeingia pale huuliza kwanza: "Kadenasi iko?" Naye yuko, kwenye kiti chake, mikono usoni.