Tausi wa Mguu Mmoja

Nyinyi vijana mnaonunua flashi huku mnatembea, simu sikioni, hebu simameni kidogo. Mimi shule sikufika mbali, lakini Tausi namjua tangu akiwa na mkia.

Tulipokuwa wadogo pale mtaa wa Narung'ombe, kanda tupu ya kurekodia ilikuwa Tausi. Jina lake la kigeni hakuna aliyehangaika kulisoma. Kwenye boksi palikuwa na tausi kafungua mkia wote, kasimama kwa mguu mmoja, basi, tukaiita hivyo. Na msidhani utapeli mmeuanzisha nyinyi. Walikuwepo Tausi wa uongo, wamesimama kwa miguu miwili, na kanda zao ziliimba vizuri mwanzoni, katikati zikaanza kukoroma. Ndiyo maana Mama hakununua kwa macho. Alikwenda kwa Mzee Kanji, muuza redio wa mtaa wa pili, akataka kanda irekodiwe palepale, kisha akaketi kwenye benchi kuisikiliza yote. Sisi watoto chini, tunamumunya ubuyu mpaka ndimi nyekundu.

"Mama Zuhura, unanunua kanda au unanunua benchi?"

"Benchi lenyewe bovu. Geuza upande wa pili."

Ukali huo ulikuwa kwa ajili ya Baba. Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Akiondoka bandarini, anarudi tumeshaota meno mapya. Kwetu hakukuwa na hodari wa kuandika barua, kwa hiyo tulimpelekea kanda. Ijumaa baada ya pilau, redio iliwekwa mkekani, kila mtu akasema lake. Mdogo wangu alikuwa akilia tu. Mimi niliagiza viatu kila mara, na hivyo viatu mpaka leo sijaviona. Kanda ilichukuliwa na baharia mwenzake, Baba akasikiliza, akarekodi majibu juu ya maneno yetu. Nasi tukarekodi juu ya maneno yake. Kanda ile ile ilikuwa inakula sauti zetu na hatukuona ubaya. Wote tulikuwa hai.

Safari moja Bibi, mama yake Baba, akaivuta redio kwake. "Salum, huyu mkeo chumvi anatia kama anaiogopa. Nakula kwa heshima tu. Rudi mwanangu, nikuone." Tulicheka mpaka Mama naye akacheka. Kanda ikaenda. Kabla haijarudi, Bibi akafariki.

Baba alipopata habari hakurekodi neno. Aliirudisha kama ilivyo. Mama akaisikiliza mpaka mwisho, akalia, kisha akachomoa kibanio cha nywele na kuvunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda. Bila vijino hivyo redio inakataa kurekodi. "Atakayeziba hapa kwa karatasi ili arekodi tena," alisema, "asinijue."

Tausi yeye aliendelea na dunia. Binti yangu alipoanza kazi ya kuchapa ofisini, alikuja na disketi za Tausi. Kwenye boksi mkia umekatwa, kabaki shingo na kichwa. Zikaja sidii, kabaki kichwa. Leo kwenye flashi kuna unyoya mmoja. Unyoya utauangalia miguu gani?

Juzi mjukuu wangu Rehema alinijia anatabasamu, flashi mkononi.

"Bibi, nimemtoa Bibi yako kwenye ile kanda, nimemhamishia humu."

"Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Bibi jamani! Imeandika imekamilika."

"Imeandika. Wewe umesikia?"

Akaichomeka. Nikajisikia mtoto, naagiza viatu. Mdogo wangu akalia. Bibi akakohoa. "Salum, huyu mkeo..." Kimya. Kimya mpaka mwisho. Flashi ile aliinunua barabarani, Tausi wa uongo, inapokea kila kitu na kushika nusu.

"Haya, lete kanda."

Rehema akashika mdomo. "Bibi... nimeiweka mlangoni. Na taka."

Nilishuka ngazi za ghorofani mbio, kama si mimi mwenye magoti mabovu. Mwenye mkokoteni wa taka alikuwa ameshafunga gunia letu. "Mama, humo kuna uchafu mtupu!" Nikamwambia, "Fungua, baba, humo yumo mtu." Tukaikuta chini ya maganda ya machungwa, salama, mgongo wake mapengo kama Mama alivyouacha.

Mzee Kanji hayupo, benchi halipo, na Mama naye hayupo. Sisi tulikuwa na kanda moja, tukaisikiliza mpaka mwisho. Nyinyi mnabeba sauti za mtaa mzima kwenye kitu cha ukubwa wa kidole, na hamna nafasi ya kumsikiliza mmoja. Nalitamani lile benchi bovu.

Ijumaa Rehema akaleta flashi nyingine, ya dukani, akahamisha upya. Wali ulikuwa umeshapakuliwa, watu wamenawa. Nikawaambia:

"Funikeni wali. Kanda irudi kabatini kwangu, ufunguo ninao mimi. Na hakuna kugusa sahani mpaka Bibi amalize kugombea chumvi."